Nusu kwa nusu: Clifton Chenier na mabishano ya studio ya Houston

Kisa chenyewe ni kifupi. Februari 1964, Lightnin' Hopkins, mpiga gitaa maarufu wa bluzi jijini Houston, alimchukua mgeni wake kwenda kumsikiliza jamaa yake kwenye kilabu kidogo cha bia, mtaa wa Frenchtown. Mgeni alikuwa Chris Strachwitz, Mjerumani aliyehamia Marekani baada ya vita, ambaye mwaka 1960 alianzisha lebo ndogo ya santuri iitwayo Arhoolie huko California. Jamaa waliyemkuta jukwaani alikuwa Clifton Chenier, mtu wa miaka 38, kodiani kubwa kifuani, na mwenzake pekee ni mpiga ngoma. Alikuwa akiimba bluzi kwa Kifaransa cha Wakrioli, jamii ya Weusi wa Louisiana wenye lugha ya Kifaransa.

Strachwitz alipagawa. Chenier naye, alipoambiwa mgeni ni mtu wa santuri, hakutaka kupoteza muda. Alitaka waingie studio kesho yake.

Kesho yake ndipo mambo yalipoanza kugongana. Strachwitz alitarajia kupata alichokisikia usiku: kodiani, ngoma, basi. Chenier akaingia studio ya Gold Star na bendi nzima, gitaa la umeme na besi, kwa sababu kwake yeye santuri ya maana ilikuwa ile inayolia kama zile za redioni. Kwa masimulizi ya Strachwitz mwenyewe, amplifaya ya gitaa ilianza kufuka moshi, na spika ya besi ilikuwa imeachia. Wakarekodi kwa kile kilichobaki, na ubishi ukaahirishwa kwa hisani ya vyombo vibovu. Mei 1965, waliporudi studio kutengeneza albamu kamili, haukuahirishika tena. Strachwitz alitaka albamu yote iwe ya Kifaransa. Chenier alitaka muziki wa dansi wa Weusi uliokuwa ukitamba redioni, yaani R&B. Wakakubaliana nusu kwa nusu.

Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kwa namna moja: mkusanyaji Mzungu anamwokoa mwanamuziki Mweusi asipotelee kwenye rock 'n' roll, anamrudisha kwenye asili yake, na mfalme wa zydeco, muziki wa dansi wa Wakrioli weusi, anazaliwa. Simulizi hilo linapendeza, lakini linamgeuza Chenier kuwa mtu aliyekuwa hajui alicho nacho mpaka aonyeshwe. Ukiitazama miaka 20 iliyotangulia kikao kile, halisimami.

Chenier alizaliwa tarehe 25 Juni 1925 karibu na Opelousas, kusini mwa Louisiana, katika familia ya Wakrioli weusi waliolima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Baba yake, Joseph, alikuwa mpiga kodiani wa dansi za majumbani. Siku ya dansi samani zilitolewa nje, kodiani na fidla zikashika kazi, na bati la kufulia nguo likakwaruzwa kutoa mdundo. Muziki huo waliuita la-la. Jina kubwa kabisa la kizazi cha baba yake lilikuwa Amédé Ardoin, aliyerekodi nyimbo 34 kati ya mwaka 1929 na 1934, na ambaye Wakrioli weusi na Wakajuni, Wazungu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, wote humhesabu kama babu yao. Kwa hiyo tukimwita Chenier mwanzilishi, tusidhani alikuta uwanja mtupu. Hata santuri ya kwanza ya zydeco iliyouzika vizuri si yake. Ni ya Boozoo Chavis wa Lake Charles, ya mwaka 1954.

Alichofanya yeye ni kubadilisha chombo, na hapa panahitaji maelezo ya kifundi kidogo, kwa sababu ndipo ubishi wa Houston unapoanzia.

Kodiani ya Ardoin ilikuwa ndogo, yenye vitufe 10 upande wa kuume. Kila kitufe hutoa sauti moja ukisukuma na nyingine ukivuta, na zote zimefungwa kwenye ufunguo mmoja. Kwa dansi za waltz na two-step hicho ni chombo kitamu ajabu. Kule kusukuma na kuvuta ndiko kunakozaa ule mdundo wa kurukaruka. Lakini bluzi inaishi kwenye noti zilizopinda, zile za tatu na za saba zinazoshushwa kidogo, na kwenye kodiani ya vitufe 10 nyingi ya noti hizo hazipo kabisa. Halafu akija mpiga saksafoni na wimbo wake wa ufunguo wa B bapa, huna pa kumfuata.

Chenier akachukua kodiani ya piano, yenye kinanda kamili na safu za vitufe vya besi, jamaa ya zile zinazolia kwenye taarabu ya Unguja. Noti zote zipo, funguo zote zipo. Ni nzito na haina ule ukali wa kodiani ndogo, na wazee wengi hawakuipenda. Yeye aliweza kuifanya ilie kama ogani ya kanisani kwenye bluzi ya polepole, na kama safu nzima ya saksafoni dansi linapopamba moto. Uamuzi huo aliufanya miaka mingi kabla Strachwitz hajalisikia jina lake. Mtu anayetaka tu kuendeleza la-la ya baba yake habebi mzigo kama ule. Anaubeba anayetaka kupiga la-la na nyimbo za redioni za Fats Domino kwenye usiku mmoja bila kubadili chombo.

Uamuzi wa pili ulihusu bati. Mapema hilo lilikuwa ubao halisi wa kufulia, uliofungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Lilicheza huku na huku, likaumiza shingo, na mpigaji hakuwa na raha ya kusogea. Chenier na kaka yake Cleveland walifanya kazi kwenye viwanda vya kusafisha mafuta vya Port Arthur, Texas, na huko ndiko walikompata fundi wa mabati, Mkrioli mwenzao aitwaye Willie Landry. Inasimuliwa kwamba mwaka 1946 Clifton alimchorea Landry mavumbini umbo alilolitaka: bati moja la migongo, lililokunjwa juu likakaa mabegani kama kizibao na kushuka mpaka tumboni. Cleveland alilivaa, akashika vifungulio vya chupa kadhaa katika kila mkono, na akaanza kukwaruza. Mikono ikawa huru, mwili ukawa huru, na mdundo ukawa mzito kiasi cha kushindana na ngoma. Leo ukiona bendi yoyote ya zydeco duniani utaliona bati hilo. Ni moja ya ala chache zilizobuniwa Marekani, na lilizaliwa kwa michoro ya mavumbini na ufundi wa mtu wa kiwandani.

Tufike miaka ya 1950, ambayo wasimulizi wengi huiita miaka ya kupotea. Mwaka 1954 Chenier alirekodi kwa mara ya kwanza, kwa lebo ndogo ya Elko, katika kituo cha redio cha Lake Charles. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Specialty ya Los Angeles, lebo iliyokuwa na nyota wa rock 'n' roll Little Richard, na wimbo wake "Ay-Tete-Fee" ukavuma kiasi. Mtayarishaji wake huko alikuwa Bumps Blackwell, yule yule wa Little Richard. Akazunguka nchi na misafara ya R&B, kuna wakati pamoja na mwimbaji Etta James, akiwa na wapiga gitaa wazuri kama Phillip Walker na Lonesome Sundown. Baadaye akapita lebo ya Chess ya Chicago na studio ya J.D. Miller mjini Crowley. Hakuna santuri iliyofika mbali. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 alikuwa amerudi kupiga vilabu vya Wakrioli huko Houston, kwa malipo ya kilabu.

Je, alishindwa? Kwa hesabu ya mauzo, ndiyo. Kwa ufundi, hapana. Miaka ile ilimfundisha kuongoza bendi, kuitikiana na saksafoni, na kujua wimbo wa dansi unakaa wapi kabla watu hawajachoka. Aliyekutwa Frenchtown na mpiga ngoma mmoja alikuwa kiongozi wa bendi asiye na pesa ya kulipa bendi usiku ule. Strachwitz alisikia uchache wa vyombo akauona ni uasilia. Ninavyoona mimi, ile ilikuwa njaa.

Upande wa lugha, hata hivyo, Strachwitz alikuwa na hoja, na tusimnyime haki yake.

Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na watoto walioongea Kifaransa shuleni wakaadhibiwa. Msomaji aliyesoma Kenya enzi za "disk", ile alama aliyopewa mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani, hahitaji kuelezwa zaidi. Kufikia miaka ya 1960, Mkrioli aliyehamia mjini alikuwa na sababu nyingi za kuficha Kifaransa chake, na mwanamuziki aliyetaka kusikika redioni alikuwa na sababu moja ya ziada. Jimbo lenyewe lilikuja kuunda baraza la kukuza Kifaransa mwaka 1968, miaka mitatu baada ya albamu ya Houston.

Chenier hakuwa anakionea haya Kifaransa chake. Alikiimba kila wiki kwa watu wake. Alichokuwa na mashaka nacho ni kama mtu atatoa pesa kukinunua kwenye santuri. Hayo ni mashaka ya kibiashara, na baada ya lebo nne au tano kumwangusha alikuwa na kila haki ya kuwa nayo. Strachwitz, kwa upande wake, hakuwa anauza kwa watu wa Frenchtown peke yao. Wateja wake wengi walikuwa vijana weupe wa California na Ulaya waliokuwa wakitafuta bluzi "halisi", na hao R&B ya Chenier walikuwa tayari na ya kwao, nzuri zaidi, kutoka Chicago na Memphis. Kifaransa kwenye kodiani hawakuwa nacho popote.

Kwa hiyo studio ya Gold Star ilikuwa na watu wawili wanaojua soko, kila mmoja soko lake. Huo ndio msingi wa kisa hiki, na ndiyo maana suluhu yao haikuwa ya kijinga hata kidogo.

Albamu iliyotoka, "Louisiana Blues and Zydeco", inafaa kusikilizwa yote bila kuruka. Upo "Zydeco Sont Pas Salé", wimbo wa maharage yasiyotiwa chumvi, ambao humo ndani hamna kitu zaidi ya kodiani, bati na ngoma. Ni la-la ya wazee, ila imepewa kasi na ukali wa mtu aliyepita kwenye rock 'n' roll. Kodiani inarudia kifungu kile kile kifupi, bati linakwaruza mbele ya mdundo kidogo, na sauti ya Chenier inatokea kati kama mtu anayepiga kelele toka upande wa pili wa ukumbi. Halafu upo "Louisiana Blues", bluzi nzito ya polepole, mtindo mtupu wa Muddy Waters, gwiji wa bluzi ya umeme ya Chicago, lakini inaimbwa kwa Kifaransa. Uweke upande gani huo? Ni nusu ya Strachwitz, maana ni Kifaransa. Ni nusu ya Chenier, maana ni bluzi ya umeme. Na huo ndio uliotolewa kwenye santuri ndogo, ukapigwa kwenye majukboksi, na kuuzika kwa Wakrioli wa Louisiana na Texas. Wateja ambao Chenier aliogopa hawatanunua Kifaransa walikinunua, kilipokuja kimevaa bluzi yake.

Mapatano ya nusu kwa nusu yalifanywa kama mgawanyo wa nyimbo, lakini kazi bora ilitokea pale mstari wa mgawanyo ulipofutika ndani ya wimbo mmoja. Hilo hakuna kati yao aliyelipigania.

Miaka iliyofuata inaonyesha nani aliendelea kushinda ubishi. Aprili 1966 Chenier alipiga kwenye tamasha la bluzi la Berkeley mbele ya hadhira ya wanafunzi. Mwaka 1969 akazunguka Ulaya na msafara wa American Folk Blues Festival. Milango hiyo ilifunguliwa na Arhoolie, hapana ubishi. Lakini kila alipopata pesa alirudisha vyombo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na Red Hot Louisiana Band: John Hart, kipofu, kwenye saksafoni, Paul Senegal gitaa, Robert St. Julien ngoma, Cleveland kwenye bati, pamoja na besi. Bendi hiyo ndiyo iliyorekodi "Bogalusa Boogie" mwaka 1975, kwa kikao kimoja, na ndiyo albamu ya Chenier iliyowekwa baadaye kwenye orodha ya taifa ya rekodi inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Saksafoni na gitaa la umeme zimejaa tele. Na lebo iliyoitoa ni ile ile ya Strachwitz, ambaye kwa uungwana alikuwa ameacha kubisha.

Uti wa mgongo wa maisha ya bendi, hata hivyo, haukuwa matamasha. Ulikuwa kumbi za parokia za Kikatoliki. Wakrioli wengi ni Wakatoliki, na walipohama walihama na kanisa: kutoka Louisiana kwenda Houston na Port Arthur, kisha, wakati wa vita na baada yake, kwenda Los Angeles na miji ya ghuba ya San Francisco kufuata kazi za viwandani na bandarini. Mapadri waliruhusu dansi ukumbini kwa ajili ya mfuko wa parokia, na Chenier akazifuata njia hizo hizo kwa gari, mwaka baada ya mwaka. Moja ya albamu zake nzuri za moja kwa moja ilirekodiwa mwaka 1971 katika ukumbi wa St. Mark's, Richmond, California. Unasikia hadhira inayojibu kwa Kifaransa, kilomita karibu elfu tatu kutoka Opelousas. Alizoea kupiga kwa muda wa saa nne mfululizo bila mapumziko. Taji alilovaa kichwani na jino la dhahabu vilikuwa sehemu ya shoo, lakini kwa watu wa kumbi zile ufalme haukuwa utani.

Mwili ulianza kumdai mapema. Alikuwa na kisukari. Mwaka 1979 alikatwa sehemu ya mguu, na figo ziliposhindwa ikabidi awe anasafishwa damu kwa mashine, safari za bendi zikapangwa kufuata matibabu. Katika hali hiyo hiyo alitoa albamu "I'm Here", iliyompa Grammy mwaka 1984, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya urithi wa taifa ya wasanii wa jadi. (Kwa faida ya wanaopenda kuandika kwamba Grammy ya kwanza ya zydeco ilikuwa yake: aliyetangulia, kwa mwaka mmoja, ni mwanamke, Queen Ida, mzaliwa wa Lake Charles aliyeishi California.) Alifariki Lafayette tarehe 12 Desemba 1987, akiwa na miaka 62, na akazikwa Loreauville. Mwaka mmoja kabla, mwimbaji Paul Simon alikuwa amemtaja kwa jina kwenye "Graceland", albamu ile ile inayofunguliwa na kodiani ya Forere Motloheloa wa Lesotho.

Urithi wake umegawanyika kwa namna ambayo sidhani angeitabiri. Stanley Dural, aliyekuja kujulikana kama Buckwheat Zydeco, alijiunga na bendi katika miaka ya 1970 akiwa mpiga ogani ambaye kodiani kwake ilikuwa muziki wa wazee. Alitoka humo akiwa na kodiani yake na kuanzisha bendi mwaka 1979, na mwaka 1996 alipiga kwenye sherehe za kufunga Olimpiki ya Atlanta. Mwana wa Clifton, C.J., alikulia Port Arthur akipiga saksafoni, akaingia kwenye bendi ya baba mwaka 1978, na baba alipofariki akairithi bendi pamoja na kodiani. Hao ni wa ukoo wa kinanda cha piano. Lakini vijana wengi wa zydeco wa leo, wale wa Houston na Lafayette wanaopigia misafara ya farasi, wamerudi kwenye kodiani ya vitufe. Walirudishwa na Boozoo Chavis, aliyeibuka tena mwaka 1984 baada ya kuacha muziki miaka mingi akifuga farasi wa mashindano, pamoja na Beau Jocque, mpiga kodiani aliyemfuata. Wanaimba zaidi kwa Kiingereza, wanachanganya na R&B na hip hop, wanatumia besi inayotikisa kuta. Kwa chombo wamemwacha Chenier. Kwa mpango wa bendi, bati la mabegani, na ile imani kwamba muziki wa dansi lazima ufanane na unaopigwa redioni mwaka huu, ni watoto wake kabisa.

Upande wa Kifaransa wa albamu ya 1965 nao umepata wapenzi wake, ila si wale wale. Mwaka 2025, miaka 100 tangu azaliwe, lebo ya Valcour ya Louisiana ilitoa albamu ya kumuenzi, na bendi ya Rolling Stones ikaimba "Zydeco Sont Pas Salé", Mick Jagger akiimba Kifaransa cha Wakrioli. Arhoolie yenyewe iko chini ya Smithsonian Folkways, lebo ya Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, tangu mwaka 2016. Strachwitz alifariki mwaka 2023. Miongoni mwa wapiga kodiani ya piano wa kizazi cha sasa yupo Corey Ledet, ambaye siku hizi anaandika na kuimba nyimbo kwa Kouri-Vini, lugha ya Krioli ya Louisiana, akiwa na gitaa la umeme, besi na ngoma nyuma yake.